Mgeni Njoo, Bao Lipone

Haya niliyasema Ijumaa usiku baada ya sala ya isha, barazani kwetu Ng'ambo, Unguja, mkesha wa mashindano ya bao. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka. Mzaha mmoja nimeuondoa, maana ulimhusu mtu ambaye mkewe husoma ninayoandika.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu, mabingwa wa bao, kina mama mliojibanza pale nyuma, vijana, na nyinyi wageni wetu mliosafiri kuja kwetu: wanaostahiki shikamoo, shikamooni, wengine, habari za usiku.

Nimepewa dakika 20. Mzee aliyenipa nafasi hii kanionya: "Usirefushe, watu kete zinawawasha mikononi." Sirefushi. Naanza na swali moja.

Nani hapa amewahi kufungwa bao na mtu asiyejua Kiswahili? Nyoosheni mikono, msione haya.

Naona mikono mitatu. Huo mmoja unashuka taratibu, lakini nimeshauona, bwana. Basi mitatu. Hotuba yangu yote imo katika mikono hiyo mitatu. Nataka baada ya miaka mitano nikiuliza swali hili tena, nusu ya baraza inyooshe mkono, na aliyefungwa asiushushe.

Mtaniuliza: sisi tumekuja kulishangilia bao letu, wewe unatuombea tufungwe? Ndiyo. Hilo hasa ndilo ninaloliombea. Nivumilieni nieleze.

Bao letu linajulikana, hilo halina ubishi. Mwalimu Nyerere alilicheza. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikuja kukaa na mabingwa wa hapa Zanzibar, akawachunguza wanavyofikiri, akarudi kwao, na mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Leiden kikampa udaktari kwa utafiti huo huo wa bao. Mtu kawa daktari kwa kuwatazama wazee wetu wakicheza! Na Lamu, katika tamasha lao la utamaduni, bao lina nafasi yake pamoja na mbio za punda na mbio za majahazi.

Lakini nendeni kesho mtaa wa Gizenga. Mtaliona bao limechongwa, limenakshiwa pembeni kama mlango wa Mji Mkongwe, limepakwa mafuta linang'aa. Mtalii analinunua, analizungushia khanga lisivunjike, analipakia kwenye begi. Akifika kwao analifanyia nini? Jamaa yangu anayeishi ughaibuni aliniletea picha ya moja la namna hiyo, nyumbani kwa tajiri wake. Kwenye nyumba, lile shimo kuu la ubao, mna funguo za gari. Kwenye kichwa, shimo la mwisho pembeni, mna betri mbili za rimoti. Kwenye kimbi, shimo jirani yake, njugu za chumvi.

Linajulikana bao lile? Linajulikana sana. Linachezwa? Haya.

Sasa nawasimulia aibu yetu wenyewe. Miaka ya nyuma, sitaji mwaka wala baraza, alitufikia mgeni kutoka Malawi. Kwao bao wanaliita bawo, na wanalicheza kwelikweli. Tukafurahi, tukamtandikia mkeka, chai ya tangawizi ikaletwa. Mgeni akakaa, akaanza kupanga kete. Akatia 8 kwenye nyumba.

Mnaguna. Na siku ile waliguna hivyo hivyo. Sisi tunatia 6 nyumbani, 2 na 2 pembeni yake, mkononi zinabaki 22. Yeye kwao nyumba ina 8 na mkononi zinabaki 20. Tofauti ya kete 2 tu, jamani! Mzee mmoja akasema hilo si bao. Mwingine akasema ni bao, ila la kitoto. Wa tatu akamuuliza mgeni habari ya kutakasia, ile kanuni ya kulifungia shimo la mpinzani lisichezwe, na hapo ndipo moto ulipowaka, kwa sababu habari ya kutakasia hata sisi wenyeji hatukuwa tumeelewana. Tukagombana wenyewe kwa wenyewe, mgeni tukamsahau. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Chai ikaota utando. Mgeni kashika komwe moja kiganjani, anaizungusha kwa kidole gumba, anaizungusha, anatutazama. Mwishowe akairudisha shimoni, taratibu, bila hata kuifanya ilie, akaaga. Hakucheza hata bao moja.

Kosa lilikuwa la nani? Si lake. Tulimwita mgeni nyumbani kabla hatujafagia. Sheria zetu zilikuwa vichwani mwa watu, na sheria isipoandikwa huwa ya mwenye sauti kubwa. Siku zote mnapocheza mtaani haliwadhuru hilo, kwa sababu kila mtu anamjua mwenye sauti kubwa na anajua namna ya kumzunguka. Mgeni hajui.

Nawapeleka mbali kidogo. Huko Kirgizistani, katika mji wa Cholpon-Ata kando ya ziwa Issyk-Kul, mwaka 2014 waliandaa Michezo ya Dunia ya Wahamaji. Hao ni watu wa farasi na mahema. Wana mieleka yao, wana mishale yao, na wana mchezo uitwao kok-boru: wapanda farasi wananyang'anyana mzoga wa mbuzi mpaka mmoja autumbukize kwenye goli la wenzake. Msicheke, na wao wakituona tunahesabu mbegu usiku kucha watacheka. Mwaka ule wa kwanza zilikuja nchi 19. Mwaka 2016, pale pale ziwani, zikaja 62, na hata Wamarekani wakapanda farasi wakaingia kunyang'anyana mbuzi. Halafu uenyeji ukahama: Uturuki wakaandaa Iznik mwaka 2022, Kazakhstan wakaandaa Astana mwaka 2024.

Na mnajua katika michezo ile ya farasi kuna nini ndani? Kuna bao!

Wallahi. Wakirgizi wanaliita toguz korgool, Wakazaki wanaliita togyzqumalaq. Ni mashimo 9 kila upande, kila shimo vigololi 9, jumla 162, na katikati hazina mbili wanazoziita kazan, yaani masufuria. Wa kwanza kufikisha 82 kashinda. Hapana nyumba pale, hapana kunamua, yaani kutia ubaoni kete za mkononi. Lakini unachota, unapanda moja moja, unahesabu, unakula. Ukimtazama Mkirgizi anavyosita mkono hewani kabla ya kuchota, utasema huyu katoka mtaa wa Kwahani, hapa hapa Unguja.

Uenyeji uliwalazimisha watu wale waandike. Ukialika nchi 62 huwezi kumwambia mtu "utaelewa tukianza." Kok-boru ya Wakirgizi na kokpar ya Wakazaki zinafanana kama ndugu, na ndugu wanajua kugombana. Lakini Astana kila moja ilichezwa kivyake, kwa sheria zake, na hakuna aliyeambiwa wa kwake ni wa kitoto. Na ule mchezo wa mashimo, Kazakhstan, Kirgizistani na Uturuki walikwenda UNESCO pamoja, na mwaka 2020 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ukiwa na majina yao yote. Nchi 3, kila moja na jina lake, karatasi moja.

Sisi tuna Wamalawi, tuna Wakomoro na mraha wao, tuna Waganda na omweso wao wenye mashimo 32 na kete 64 kama sisi, tuna Wanyarwanda na igisoro. Na tumeshindwana kwa kete 2.

Hilo la sheria nimelimaliza. La pili ndilo zito, nalo ni la kufungwa.

Mwaka 1882, kijana mmoja wa Tokyo, Kano Jigoro, alianza kufundisha mchezo wake katika hekalu. Chumba kilikuwa cha mikeka 12. Mikeka 12! Si kikubwa kushinda baraza hii. Alichukua mieleka ya zamani ya Kijapani, akaondoa ya kuvunjana shingo, akapanga yaliyobaki, akaita judo. Mchezo ukashika Japani yote. Mwaka 1956 Wajapani wakasema sasa tualike dunia, wakaandaa ubingwa wa dunia wa kwanza, Tokyo hapo hapo. Wakashinda wao, ya kwanza na ya pili, kama ilivyotarajiwa. Mwenyeji kashiba.

Lakini miongoni mwa wageni waliofungwa alikuwamo Mholanzi, naam, Mholanzi tena, hawa watu sijui wana nini na michezo ya wenzao. Jina lake Anton Geesink, kijana wa Utrecht, urefu wake karibu mita 2. Akarudi kwao na medali ya shaba na, naamini, deni moyoni. Mwaka 1961, Paris, akawa bingwa wa dunia. Mjapani wa kwanza kuukosa ubingwa huo alilala vipi usiku ule, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo, mwaka 1964. Wajapani kama wenyeji wakaiingiza judo Olimpiki kwa mara ya kwanza, na wakaijengea ukumbi wake, Nippon Budokan. Uzito ulikuwa wa namna nne. Tatu za kwanza Japani wakachukua dhahabu zote. Ikabaki ya nne, ya wazi, isiyochagua uzito, na hiyo ndiyo Wajapani waliyoiona kuwa judo yenyewe, maana fahari ya judo ni kwamba mdogo anaweza kumwangusha mkubwa. Fainali: Kaminaga Akio wa Japani na Geesink.

Ukumbi umejaa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilipokaribia dakika ya 10 Kaminaga akajaribu kumwangusha, ikashindikana, Geesink akamlaza chini, akambana. Sheria ya siku zile ilikuwa sekunde 30. Hebu hesabuni kimoyomoyo sekunde 30, mkimfikiria yule aliyelala chini, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mchezo wake.

...

Hata nusu yake hamjafika, na mmechoka.

Kengele ikalia. Waholanzi wakaruka kutoka vitini, wakakimbilia mkeka ili wamkumbatie mtu wao. Na Geesink, kabla hata hajasimama sawasawa, akanyoosha mkono kuwazuia. Msikanyage mkeka. Akasimama, akapanga nguo yake, akamwinamia Kaminaga. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, wengine wanalia.

Wazee wangu, kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kuwa siku Japani ilipoipoteza judo. Siku hizi nafikiri vingine. Adabu ile ya kuheshimu mkeka, Geesink aliitoa wapi? Kwa Wajapani. Walimfunza vizuri mpaka akawashinda kwa mchezo wao na kwa adabu yao. Kama wasingeshindwa, dunia ingesema judo ni ya Wajapani, waacheni nayo. Waliposhindwa, kila mtoto wa kila nchi akaona kumbe inawezekana. Leo shirikisho la judo la dunia lina wanachama zaidi ya 200. Hapa hapa Unguja vijana wetu wanacheza judo, na mwamuzi akitaka waanze anasema "hajime," mtu akiangushwa vizuri anasema "ippon." Kijapani! Kijana wa Unguja hajawahi kuiona Tokyo, lakini anaangushwa kwa Kijapani.

Ndipo ninapotaka bao lifike. Nataka Mkirgizi mmoja huko kwenye baridi yake aseme "nyumba." Anapokula kete aseme "mtaji." Mkono wake ukifika shimo tupu aseme "umelala." Na siku moja atakuja hapa atufunge, na mimi nitakuwa nimekaa pale penye nguzo, nitalia kidogo, kisha nitakwenda kumpa mkono.

Kuna anayesema kwamba mfano wa judo ni wa matajiri. Haya, tuuache. Kabaddi ni mchezo wa vijijini India: watu 7 kwa 7 juu ya udongo, mmoja anaingia upande wa wenzake, anawagusa na kukimbia kurudi, huku anatamka "kabaddi, kabaddi, kabaddi" bila kuvuta pumzi. Hauhitaji mpira, hauhitaji hata viatu. Mwaka 1982 walipokuwa wenyeji wa Michezo ya Asia, New Delhi, waliuonyesha tu, bila medali. Mwaka 1990, Beijing, ukawa wa medali, na kuanzia hapo mpaka 2014 dhahabu ya wanaume haikutoka India. Mara 7 mfululizo. Mwaka 2016 wakaandaa Kombe la Dunia Ahmedabad, timu 12, na mojawapo ilikuwa Kenya, majirani zetu hawa. Mechi ya ufunguzi mwenyeji kakutana na Korea Kusini. Kafungwa 34 kwa 32! Kombe walilichukua hatimaye, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Mwaka 2018, Jakarta, Iran wakaing'oa India nusu fainali, 27 kwa 18. Na upande wa wanawake ilikuwa fainali yenyewe: wanawake wa Iran, na mitandio yao kichwani, wakaifunga India 27 kwa 24. Kocha wa wale wanawake alikuwa nani? Shailaja Jain, mama wa Kihindi. India wenyewe walimzaa aliyewafunga.

Mwaka 2023, Hangzhou, India wakazirudisha dhahabu zote mbili. Mkulima anayepanda mbegu kwa jirani, jirani akivuna vizuri, naye hurudi shambani kwake kulima kwa bidii zaidi.

Kina mama, sikuwasahau. Mnajua kwa nini nimewataja wanawake wa Iran. Katika baraza zetu bao limekuwa la wanaume, na sisi wanaume tumejiambia kuwa ndivyo lilivyo. Wageni wakianza kuja watakuja na wake zao, na dada zao, na watakaa ubaoni, na hatutakuwa na wa kuwakalisha mbele yao. Naijua nyumba moja hapa mtaani, siitaji, ambamo bingwa ni bibi. Mumewe anakuja hapa kutamba kwa mitaji aliyofundishwa jikoni. Bibi, nakuona. Sogea mbele.

La fedha nalipita haraka, maana kila kikao huanzia huko na kufia huko. Wageni wetu wa safari hii hawakulala hotelini. Wamelala kwenye nyumba za watu, wamekula pilau ya watu. Kilichogharimu hasa ni boti. Hatukungoja mfadhili. Niliwahi kushuhudia mashindano mahali fulani yaliyokuwa na mfadhili, mabango, fulana za rangi, kombe refu kama mtoto wa miaka mitatu, na baada ya siku tatu hapakubaki hata karatasi moja inayoonyesha nani alicheza nini. Bingwa kapewa kombe, bao lake limekwenda na upepo. Tungekuwa na rekodi yake tungekuwa tunaisoma leo, tunabishana nayo, tunawafundishia watoto.

Kwa hiyo safari hii mashimo yamepewa namba. Kila ubao utakuwa na kijana na daftari, anaandika kila mtaji unaochezwa, na mwenzake ana simu juu ya kijiti anarekodi. Tafadhali, wazee, msiwapige makofi hao vijana wakiwaomba mcheze taratibu. Daftari hizo zitakwenda Lamu, zitakwenda Moroni, zitakwenda Blantyre. Tumeomba na wao watuletee za kwao.

Na sheria zimeandikwa. Ile karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye doa la chai, ndiyo yenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, na habari ya kutakasia peke yake imekula nusu ukurasa. Ilituchukua vikao vinne, na katika kikao cha tatu watu wawili walinuniana, wakapatana kwenye kikao cha nne. Asiyekubaliana nayo anaruhusiwa kusema, baada ya Jumapili.

Kesho Jumamosi, nyumba 6, mkononi 22. Jumapili, nyumba 8, mkononi 20. Atakayeguna Jumapili atatozwa chai ya baraza nzima.

Yule mgeni wa mwaka ule tulimtafuta, hatukumpata. Lakini yupo mwenzake wa huko huko, amekaa pale karibu na taa, na tangu nianze kusema namwona kashika komwe kiganjani anaizungusha kwa kidole gumba. Ndugu yangu, sogea. Na wewe bwana uliyeushusha mkono, kaa mbele yake. Bao lile pale, kete zimeshapangwa. Mgeni ndiye anayeanza.